Nimeuza Phoenix yangu, nataka baiskeli nyepesi ya safari ndefu. Nichukue ipi kati ya hizi tatu?

Mwl_Makorora

Habari za jioni wanajamvi.

Mwezi uliopita nimeuza Phoenix niliyokuwa nayo tangu 1998. Aliyeichukua ni kijana mchuuzi wa samaki, anapakia soko la samaki la Deep Sea alfajiri na kuzungusha barabara zote za Ngamiani. Alinipa laki moja na ishirini taslimu, noti mbili zina magamba. Mama watoto alifurahi kuliko mimi, maana baiskeli ilikuwa inalala koridoni na hakuna mgeni aliyepita bila kuacha uzi wa nguo kwenye kotapini.

Kilichoniuzisha ni magoti. Nina miaka 52, nafundisha shule ya msingi hapa Tanga mjini. Desemba iliyopita nilijitia ujana nikaenda nayo Muheza kwa kaka, kilomita kama 40. Kwenda nilikwenda vizuri, vilima vya kuingia Muheza tu ndivyo nilivyosukuma. Kurudi nikakutana na kaskazi usoni kuanzia Muheza hadi Pongwe, na ile baiskeli haina gia hata moja, mbele meno 48, nyuma 20. Kila mzunguko wa pedali inakutaka uisukume mita 5 na ushee, upende usipende. Nilifika nyumbani nashuka ngazi kinyumenyume. Kesho yake nikaipeleka kwa jirani anayenunua mbata, tukaining'iniza kwenye mizani yake: kilo 23, pamoja na keria na stendi. Mtoto wangu wa mwisho ana kilo 19.

Sasa nina mpango. Likizo ya Desemba hii nataka kwenda Lushoto kwa baiskeli kumwona binti yangu aliyeolewa huko. Muheza, Segera, Korogwe nilale, kesho yake Mombo na mlima. Mzigo wangu ni nguo, vyombo vya kuzibia pancha, maji, na zawadi za mjukuu, haivuki kilo 12. Mwenyewe nina 77.

Nimezunguka kwenye mitumba wiki tatu, zimebaki tatu:

Nyekundu ni ya mashindano, fremu ya alumini, usukani wa pembe za kondoo. Tumeipima, kilo 9. Mbele ina duara mbili, meno 52 na 39, nyuma kubwa kabisa ni 25. Tairi nyembamba kama kidole. Anataka 650,000.

Bluu ni Giant iliyokuja na kontena kutoka Japani, alumini pia, usukani mnyoofu, foku (uma wa gurudumu la mbele) ya chuma isiyo na springi. Mbele duara tatu, kubwa 48 na ndogo 28, nyuma ndogo 11 na kubwa 32. Kilo 11. Tairi zimeandikwa 700x28C, nikafurahi kuona 28 kama ile ya Phoenix, maana tairi za Phoenix zinauzwa hata dukani kwa Mangi. Bei 420,000.

Kijani ni ya Kiingereza ya zamani, ya chuma, nzuri kuliko mke mdogo. Ina stika ya Reynolds 531, zile bomba za chuma chepesi cha Kiingereza, na matundu ya keria mbele na nyuma. Tairi 27 x 1 1/4. Kilo 13. Muuzaji anasema ndiyo baiskeli ya safari yenyewe na anataka 500,000 "kwa sababu ni mwalimu".

Moyo uko kwenye kijani, mfuko uko kwenye bluu, na vijana wa mtaani wote wanasema nyekundu. Nawasilisha.

Kasi_Mikocheni

Mkuu chukua nyekundu, hiyo nyingine ni kujitesa. Umeuza chuma kwa sababu ya uzito halafu unataka ununue chuma tena? Kilo 9 unaibeba kwa mkono mmoja. Mimi yangu ina 8 na nusu, Jumamosi natoka Mikocheni hadi Bagamoyo na kurudi kabla jua halijawa kali. Mzigo weka kwenye begi la mgongoni.

FundiSpoku

Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, nafunga magurudumu mwaka wa kumi na saba huu. Kasi ni kijana wangu humu lakini leo amekupoteza.

Naanza na tairi maana hapo umeteleza vibaya. 28 ya Phoenix ni inchi, kimo cha gurudumu. 28 ya hiyo Giant ni milimita, unene wa tairi. Ni sawa na mtu akwambie ana 40, hujui ni miaka au namba ya kiatu. Usisome hizo kubwa. Tafuta ubavuni maandishi madogo yenye kistari katikati. Phoenix imeandikwa 40-635. Giant itakuwa 28-622. Kijani yako 32-630. Namba ya pili ndiyo ya kuapia, ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Tairi ya 635 ukiivisha rimu ya 622 inacheza kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Haifai hata kwa dharura.

Kwa hiyo dukani kwa Mangi hakuna tairi ya yoyote kati ya hizo tatu. Tofauti ni hii: 622 utaipata Tanga mjini, Moshi, Arusha na Dar kwa sababu baiskeli nyingi za mtumba za siku hizi ni hizo. 630 ya kijani ni ya zamani, mimi huipata kwa bahati, na nikiipata mara nyingi mpira umeshapasuka ubavuni kwa kukaa. Ila kuna ujanja. 630 na 622 zimepishana milimita 8 tu, yaani 4 kila upande. Ukiweka magurudumu ya 622 kwenye ile kijani, mradi breki zina nafasi ya kushuka milimita 4, inakubali kabisa. Nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini ni gharama ya magurudumu mawili juu ya laki tano.

Halafu hiyo stika. Stika inanunuliwa. Chomoa nguzo ya siti, upime unene wake kwa venia (kile kipimo cha taya), usitumie rula. Fremu ya kweli ya 531 iliyo nyembamba katikati ya bomba inachukua nguzo ya milimita 27.2. Ukikuta 25.4 au karibu na hapo, bomba lake lina ukuta mnene, ni chuma cha kawaida chenye nguo ya harusi. Na ikiwa ni ya kweli, basi usimruhusu mchomeleaji wa mageti aiguse hata siku moja. Zile bomba ziliungwa kwa shaba, moto wa kadiri. Umeme wa kuchomelea unaziunguza na zinakatika pembeni mwa mshono.

Nyekundu: hesabu meno. 39 kwa 25, gurudumu la mita 2.1, ni karibu mita 3.3 kila mzunguko katika gia nyepesi kuliko zote. Bluu ni 28 kwa 32, haifiki mita 1.9. Hapo ndipo magoti yako yalipo. Wewe 77, mzigo 12, baiskeli 9 au 11. Jumla 98 au 100. Hizo kilo 2 unazolipia laki mbili na thelathini ni ndoo ndogo ya maji kwenye safari nzima. Gia ndiyo inayopanda mlima.

Na begi la mgongoni kilo 12 kwa siku mbili, mwalimu, utamkumbuka Kasi ukiwa Segera.

Kasi_Mikocheni

Hahaha fundi umenimaliza. Sijawahi kubeba zaidi ya ndizi mbili na simu, nakiri.

Mwl_Makorora

Fundi, marahaba. Nimesoma mara mbili kisha nikaenda koridoni kutafuta tairi kuukuu la Phoenix lililobaki. Kweli, chini ya vumbi: 40-635. Miaka ishirini na zaidi nimekaa na namba hiyo sikuwahi kuiuliza ina maana gani, na mimi ndiye nawaambia watoto wasome maelekezo kabla ya kujibu maswali.

Swali la nyongeza. Nyekundu haina matundu ya keria, nimelithibitisha jana. Bluu inayo nyuma, mawili chini karibu na ekseli na mawili juu. Mabegi ya pembeni nitashonesha turubai kwa fundi wa viti vya daladala. Je, kuna kingine cha kukagua kabla sijatoa hela?

FundiSpoku

Pima zile bomba mbili za chini, kutoka katikati ya krenki, pale mikono ya pedali inapozungukia, hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Za mashindano huwa sentimita 41 hivi, begi likikaa kila ukikanyaga kisigino kinaligonga. Ukipata 43 na kuendelea uko salama, na hata ikiwa pungufu kidogo mwambie fundi wa turubai akate kona ya mbele ya begi kwa mshazari.

Alumini haioneshi uchovu mapema kama chuma. Lowesha kitambaa, futa chini ya krenki na nyuma ya shingo ya usukani, halafu angalia rangi juani. Mstari mwembamba kama unywele, acha, hata ukipewa bure. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba kwenye breki. Hesabu spoku, 32 zinakutosha kwa kilo zako. Shika krenki uitikise kushoto kulia, ikicheza ni gololi, hilo si kubwa, ombea punguzo la bei. Cheni uipime: kutoka pini moja hadi ya 24 mbele yake ziwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa thumuni ya inchi imekwisha, na huenda imeshakula meno ya nyuma.

Na vali. Hizo za Giant mara nyingi ni zile nyembamba za Kifaransa. Kompresa za barabarani hazizishiki. Kuna kichwa kidogo cha shaba cha kufungia juu, kama kofia, bei ya soda. Nunua viwili.

MamaPeasi_Soni

Mwalimu karibu kwetu Soni, njiani kati ya Mombo na Lushoto. Nyumba yangu iko juu ya barabara hiyohiyo utakayopita, nawaona wanaopanda na wanaoshuka kila siku, na mimi mwenyewe nilishuka nayo baiskeli nikiwa msichana, mama hakujua hadi leo.

Nyote mmezungumza kupanda. Kupanda utapanda, hata kwa kusukuma, hakuna wa kukucheka. Mombo iko kama mita 400 juu ya bahari, Lushoto inakaribia 1,400, na katikati ni kilomita 33 za kona. Hizo zote utakuja kuzishuka ukirudi. Ile Phoenix yako yenye breki za fimbo na rimu za kromu, mvua ikinyesha ungekuwa unabana maji tu. Desemba huku mawingu ya vuli hayajaisha, asubuhi unaweza ukakuta ukungu hadi Soni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kilo, angalia breki. Mpira wa breki uwe mpya. Usiibane moja kwa moja kutoka juu hadi chini kama wanavyofanya vijana wa mizigo, rimu inachemka, niliwahi kuigusa nikapata lengelenge kwenye kidole hiki cha shahada. Bana kabla ya kona, achia kwenye kona, pumua. Simama hapa Soni, maporomoko yapo karibu na barabara, yaangalie huku rimu zinapoa. Malori ya kabeji na karoti yana haraka kuliko wewe, yaachie njia.

Na mabegi yako usiyafunge kwa kamba ya katani, kata tyubu kuukuu. Mpira unashika, kamba inalegea ikilowa.

Kuhusu baiskeli sina neno, fundi amesema. Ila ile ya kijani uliyoifananisha na mke mdogo, mama watoto asome humu.

Ami_Ngambo

Mwalimu, huku Unguja baskeli za Japani ndizo zilizojaa, nimechezea nyingi. Nakuongezea tahadhari moja: usije ukabadilishiwa kwa ile yenye kikapu mbele ukaambiwa "hii pia ya Japani, tena 26, tairi zake tele." 26 x 1 3/8 ya Wajapani ni 590, na 26 ya hizi za milimani ni 559. Mimi nilinunua tairi mbili Darajani, nikafika nyumbani hazivai, nikarudi, jamaa akanambia bidhaa ikishatoka hairudi. Ziko juu ya banda la kuku mpaka leo.

Na Giant si ya Japani, ni ya Taiwani. Haina maana yoyote katika suala lako, nimeona niseme tu.

Mwl_Makorora

Wakuu, mrejesho.

Jumamosi nilikwenda na venia niliyoazima kwa mwalimu wa ufundi. Muuzaji aliponiona nachomoa nguzo ya siti ya ile kijani akauliza kama nataka kununua siti peke yake. Nikapima mara tatu: 25.4, 25.4, 25.4. Nikamwonesha stika. Akaitazama kama ndiyo anaiona siku hiyo, akasema, "Hiyo ilikuja nayo, mwalimu." Sikubishana. Lakini nikwambieni ukweli, nilipoirudisha ukutani niliipapasa mara moja shingoni. Rangi yake ni ile ya majani ya chai.

Bluu. Nilifuta kama fundi alivyosema, nikaitoa juani, hakuna mstari. Spoku 32. Krenki inacheza kidogo, nikaitikisa mbele yake huku nakunja uso, akashuka hadi 390,000. Cheni ilikuwa imekwisha, pini 24 zilizidi ile thumuni, nikashusha tena hadi 375,000. Bomba za chini 43 na nusu. Nikalipa.

Cheni mpya, gololi, mpira wa breki na tairi mbili za 32-622 zimenitoka 96,000 pamoja na fundi. Nimezipachika nene kidogo kuliko zile 28 kwa sababu bega la barabara huku lina kokoto. Keria ya chuma nimechongesha kwa fundi wa Makorora, ina uzito wa kilo moja na robo, kwa hiyo Kasi usinipigie hesabu ya jumla, nishajua.

Jana Jumapili nikaijaribu Muheza, na kilo 12 za mchanga kwenye mabegi ili nisijidanganye. Vile vilima vya kuingia Muheza ambavyo mwaka jana nilishuka nikasukuma, nilitia 28 mbele, 32 nyuma, nikawa nazungusha miguu kama cherehani. Mwendo ulikuwa wa aibu, mama mmoja mwenye beseni la machungwa kichwani tuliongozana naye hatua kama hamsini tukasalimiana mpaka habari za watoto. Lakini sikushuka. Magoti leo asubuhi yameshuka ngazi uso mbele kama ya watu.

Kurudi, pale Pongwe, pancha. Msumari. Tyubu ya akiba ninayo, nikabadilisha mwenyewe, nikajiona fundi. Pampu yangu ya mkono ikatoa upepo kidogo ikakata washa. Mita mia mbele kuna jamaa wa kompresa, nikaisukuma kwake. Akainama, akaitazama ile vali nyembamba, akaniuliza, "Mzee, hii inajazwa na nini?" Kile kichwa cha shaba nilikuwa nimenunua, viwili, kama nilivyoambiwa. Vyote viwili vilikuwa nyumbani juu ya meza, ndani ya kisahani cha sukari.

Nilikaa kwenye benchi lake nusu saa nikisubiri mtu yeyote mwenye pampu. Aliyepita ni nani? Yule kijana wa samaki, tenga tupu nyuma, anatoka kuuza. Kengele ya Phoenix nimeitambua kabla sijamwona. Pampu yake ni ya miguu, ya vali za zamani, haikunisaidia kitu. Akaniambia niache bluu pale, nipande keria anipeleke Makorora nikachukue hicho kichwa. Nikapanda. Kilomita zote hizo nyuma ya Phoenix yangu mwenyewe, natazama mgongo wa mtu, nanuka vibua. Siti ameibadilisha. Cheni anaitia mafuta, niseme haki yake.

FundiSpoku

Mwalimu kimoja kifunge kwenye vali yenyewe, kikae hukohuko, ndiyo kazi yake. Cha pili tia kwenye shada la funguo za nyumba.

MamaPeasi_Soni

Tarehe ngapi unapanda? Niwaambie watoto wakuangalie barabarani.

Mwl_Makorora

Shule zikifunga tu, Bi Soni, siku ya tatu nitakuwa Mombo. Wataniona tu, mimi ndiye nitakayekuwa wa mwisho.